Mzee wangu yuko kwenye mashine ya figo, hizi vitamini C za povu zinamfaa au namuumiza?

BintiMakorora

Asalam aleikum na habari zenu wote. Naombeni mnisaidie mawazo, hasa wenye mgonjwa wa figo nyumbani au walioko kwenye mashine wenyewe. Mi niko Tanga mjini, Makorora, namuuguza baba yangu mzazi ana miaka 63, figo zilifeli kwa presha ya muda mrefu na sasa ana mwaka na miezi minne anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu Jumatano na Ijumaa, masaa manne manne. Alhamdulillah anaendelea, ila toka Ramadhani iishe naona kabadilika. Akirudi kwenye mashine anakuwa hoi kuliko zamani, anafika anajilaza barazani kwenye mkeka hata viatu hajavua, na asubuhi akipiga mswaki fizi zinatoka damu, juzi nimeona mate yana rangi ya waridi kwenye karo nikashtuka sana. Na mkononi ana vidoadoa vyekundu vidogo vidogo kama kachomwa na ncha ya sindano, na si mkono wa fistula, ule wanaouchoma sindano za mashine, ni ule mwingine.

Sasa jirani yetu, mtu mwema sana kwetu, akamletea baba vitamini C zile vidonge unatia kwenye maji vinatoa povu, miligramu 1000 kimoja. Akasema mwanawe wa Dar kasoma kwamba ile mashine inaondoa vitamini C yote mwilini na mgonjwa anabaki na kitu kinaitwa oksidetivu stresi, yani mwili unaungua kwa ndani, na kwamba hicho ndo kinachoua mioyo ya wagonjwa wa figo. Akaelekeza kimoja asubuhi kimoja jioni. Baba kavipenda maana vina ladha ya chungwa, na mnajua mtu wa mashine maji yake yanapimwa kwa kikombe, akipata kitu chenye ladha kwake ni sikukuu. Kashakunywa 16, nimehesabu vilivyobaki kwenye kile kichupa.

Nilimuuliza nesi pale kwenye mashine, ilikuwa wakati wa kubadilishana wagonjwa wana haraka, akaniambia acha kwanza mpaka daktari aje Ijumaa. Nimeviacha. Ila baba kakasirika, ananiambia machungwa ya Muheza tumekula toka utotoni kwani yalituua? Nikakosa jibu. Ninachotaka kuelewa ni hiki, je ni kweli mashine inatoa vitamini C? Na kama ni kweli inatoa, kuirudisha inakuwaje kosa? Maana nikimnyima nahisi namnyima dawa, nikimpa usiku silali.

Mzee_wa_Pongwe

Waleikum salaam binti yangu, pole na kuuguza. Mimi mwenyewe huu mwaka wa sita niko kwenye mashine kwaiyo naongea nilichopitia, mambo ya kitaalamu wataalamu wapo humu watakuja.

Kwanza mwambie babako namwelewa. Ile kiu haielezeki kwa mtu asiyeijua, unaweza kuota unakunywa maji ya mtungi ukaamka mdomo mkavu. Ila kuhusu machungwa nimwambie yaliyonikuta. Mwaka wangu wa pili, msimu wa machungwa, mpwa wangu alishuka toka Muheza na kiroba. Jumapili ile tumekaa chini ya mwembe tunamenya, tunapiga stori, nikala sita au saba sikuhesabu, na matamu kwelikweli yale ya ganda la kijani. Usiku nikaamka kwenda msalani miguu haina nguvu, kama ya mtu mwingine, nikashika ukuta. Moyo unapiga pa, unakaa kimya, unapiga tena. Sikumwamsha mtu nikajua ni uchovu. Jumatatu asubuhi nilivyofika nikawaambia, wakanipima potasiamu, yale madini yaliyoko kwenye machungwa, ikawa juu mno, 7.1, nikaona manesi wote wamekuja kwangu kwa mara moja, wananiweka zile waya za kifuani. Daktari aliniambia ungechelewa mpaka mchana tusingekuwa tunaongea. Na kumbuka ilikuwa Jumapili, nimetoka mashine Ijumaa, siku mbili nzima damu haijasafishwa. Hizo siku mbili za wikiendi ndo mbaya kuliko zote kwetu sisi.

Kwaiyo machungwa hayakutuua tulipokuwa na figo. Figo ndo zilikuwa zinayatoa hayo yanayobaki. Sasa hazipo.

Mimi siku hizi nakula kipande cha nanasi, unene wa kidole, basi. Na vitamini napewa kidonge kidogo cha manjano cha wagonjwa wa figo, nakunywa nikitoka mashine, siyo kabla. Hivo vya povu sijawahi.

MamaAchari_Ngamiani

Jamani mi natofautiana kidogo, msinichukie. Mama yangu mzazi alikuwa kwenye mashine karibu miaka miwili, alikuwa anakunywa vitamini C hizo hizo za 1000 kila siku na hakuwahi kulalamika chochote, tena uso ulichangamka na mafua yalimwacha. Hali yake ilikuja kubadilika kwa sababu ya katheta, ule mpira wa mashine unaoingia mshipani, kuingia wadudu, siyo vitamini. Mi nahisi hospitali wanakataza kila kitu mpaka mgonjwa anabaki anakula wali mkavu na kabichi iliyochemshwa mara mbili, mtu ataishi vipi? Kama mashine inatoa lazima irudishwe, hiyo si hesabu ya kawaida tu?

NesiWaZamu

Habari zenu. Mimi ni nesi, nafanya kitengo cha kusafisha damu (siyo hapo anapotibiwa mzee, mkoa mwingine, ila kwetu ni Pangani). Nimeisoma hii nikaona siwezi kupita.

BintiMakorora, swali lako ni zuri sana, na huyo mtoto wa jirani hajasema uongo, kasema nusu. Ndiyo, mashine inatoa vitamini C. Kile kichujio, ile silinda ya plastiki unayoiona imejaa damu pembeni ya mashine, ndani kuna nyuzi nyembamba maelfu kwa maelfu kama nywele, zina vitundu. Vitundu havijui kipi kizuri kipi kibaya, vinaangalia ukubwa tu. Urea uzito wa molekuli yake ni 60, kreatinini 113, hizo ndo taka tunazotaka zitoke. Vitamini C ina uzito wa 176, yani iko jirani kabisa na kreatinini, afu inayeyuka kwenye maji, sasa utaizuia na nini? Inatoka. Albumini ndo inabaki kwa sababu ni jitu kubwa, 66,000 na kitu. Mgonjwa anaingia kwenye mashine na kiwango fulani, baada ya masaa manne kiwango kwenye damu kimeshuka theluthi, wengine nusu, wengine zaidi ya hapo, inategemea na kichujio na alivyokuwa amekula.

Na hasara siyo ya mashine peke yake, hapa naomba tuzingatie maana watu wengi hawaunganishi. Sisi wenyewe tunamwambia mgonjwa punguza matunda kwa sababu ya potasiamu. Afu tunamwambia viazi, mihogo, mchicha, vikate vidogo vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji yale. Potasiamu inatoka kweli, lakini vitamini C nayo inakwenda na yale maji, na moto unaimaliza iliyobaki. Kwaiyo mzee anapungukiwa mezani, anapungukiwa jikoni, anapungukiwa kwenye mashine, na hamu ya kula yenyewe ndogo. Ndo maana kuna wagonjwa wetu wanapata kiseyeye kabisa, kile kile cha mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda. Fizi kuvimba na kutoka damu, vidoa vyekundu kwenye ngozi kuzunguka vinyweleo, uchovu, vidonda vya zamani kugoma kupona.

LAKINI, na hii naomba uisome mara mbili, fizi kutoka damu kwa mtu wa mashine kuna sababu nyingine. Kila sesheni anapewa heparini ili damu isigande kwenye mipira, inaweza kuwa dozi imemzidi. Taka zikijaa mwilini chembe sahani, zile za kugandisha damu, hazishiki vizuri hata kama hesabu yake iko sawa. Chembe sahani zenyewe zinaweza kuwa zimeshuka. Anaweza kuwa anakunywa aspirini ya moyo. Au fizi zenyewe zinaumwa tu anahitaji daktari wa meno. Kwaiyo Ijumaa usiende kusema "baba anahitaji vitamini C", nenda kamuonyeshe daktari ule mkono wenye vidoa na mwambie kuhusu fizi na lini zilianza. Na kichupa cha vidonge nenda nacho mkononi, umpe akione.

MamaAchari pole sana kwa mama, Mungu amrehemu. Sikatai kwamba alichangamka. Ila hesabu ya kurudisha kilichotoka iko hivi, kinachohitajika kwa siku ni kama miligramu 90 kwa mwanaume na 75 kwa mwanamke. Vidonge viwili vya povu ni 2000. Ni zaidi ya mara 20. Hapo siyo kurudisha tena.

MfamasiaKijana

Naunga mkono aliyosema dada nesi kwa herufi zote. Mimi niko duka la dawa na nimesomea, na hivi vidonge vya povu vinauzwa kama pipi, toka wakati wa Korona kila mtu ananunua, na hatuulizi kama kuna mgonjwa wa figo nyumbani. Naumia kusema hivyo lakini ndo ukweli, tunapaswa kuuliza.

Niongezee vitu viwili, kwanza hiyo oksidetivu stresi ambayo jirani kasema. Ni kitu cha kweli, siyo maneno ya kuuzia dawa. Dada, umewahi kumenya ndizi mbichi za kupika ukaziacha kwenye sinia? Zinakuwa nyeusi. Bibi zetu wanazitumbukiza kwenye maji yenye ndimu, zinabaki nyeupe. Ile ndimu, kwa ule ukali wake na vitamini C yake, inazuia hewa ya oksijeni isiiharibu ndizi. Ndani ya mwili kuna kitu cha namna hiyo hiyo. Damu ikipita kwenye mipira na kichujio, chembe nyeupe zinajua zimekutana na kitu kigeni, zinaamka kama askari, zinamwaga kemikali za oksijeni ambazo kazi yake ni kuua vijidudu. Sasa vijidudu hakuna, zile kemikali zinaishia kuchoma kuta za mishipa, mafuta ya damu, na chembe nyekundu zenyewe. Hii inatokea mara tatu kwa wiki, na dakika hizo hizo kinga iliyokuwa izizuie, yani vitamini C, inatoka kwenye kichujio. Ongeza na madini ya chuma tunayomchoma mshipani, ongeza taka za figo ambazo zenyewe zinaleta uvimbe wa ndani. Ni kweli wagonjwa wa mashine wanakufa zaidi kwa moyo, na ni kweli watafiti wameona wale wenye vitamini C ndogo sana kwenye damu wanapata matatizo ya moyo zaidi. Mpaka hapo jirani yuko sahihi.

Tatizo ni hatua inayofuata. Kuona kwamba aliyepungukiwa anaumwa zaidi haina maana kwamba ukimjazia mpaka imwagike atapona. Walipojaribu kuwapa wagonjwa ili kupunguza huo uharibifu majibu yamegongana, wengine vipimo vimekuwa bora, wengine hakuna tofauti. Na vitamini C ikikutana na chuma kilicholegea kwenye damu inaweza kugeuka, badala ya kuzima moto ikauchochea. Kwaiyo mtu aliyetoka kuchomwa chuma asubuhi halafu jioni anakunywa gramu nzima ya vitamini C sipendi kabisa.

Cha pili ndo kikubwa. Vitamini C mwilini haipotei hewani, sehemu yake inavunjwa inakuwa oksaleti. Mtu mwenye figo anaikojoa. Babako hakojoi, au anakojoa kidogo. Mashine inatoa oksaleti kiasi, ila haiwahi, kesho yake imeshapanda tena. Ikizidi inakamatana na kalsiamu, inakuwa fuwele ngumu, na fuwele zile zinakwenda kukaa kwenye mifupa, kwenye maungio, kwenye mishipa ya damu, kwenye misuli ya moyo. Yani unampa kitu cha kulinda moyo kinakwenda kuweka mchanga ndani ya moyo. Na haiumi mwanzoni, ndo maana MamaAchari unasema mama hakulalamika. Miezi na miaka ndo inajikusanya.

Vidonge 16 siyo mwisho wa dunia, dada, usijilaumu, umeviacha mapema. Ila usirudie. Na kingine kidogo, lile povu linatokana na sodiamu baikaboneti, kwaiyo ndani kuna chumvi ya sodiamu, inamuongezea kiu na maji ya kunywea kidonge yanahesabika pia. Angalia uzito wake wa kuingilia mashine wiki hii, naamini umepanda.

BintiMakorora

Umepanda kweli!! Jumatatu aliingia na kilo 3.4 juu ya uzito mkavu, yani uzito wake maji ya ziada yakishatolewa, kwa kawaida ni 2 au 2 na kidogo. Sikuunganisha kabisa, nikafikiri ni kwa sababu alikunywa uji mwingi.

Anakojoa kidogo sana, kikombe cha kahawa kwa siku kama kinafika. Hii ya oksaleti hakuna mtu aliwahi kutuambia. Nimemsomea baba pale ulipoandika mchanga ndani ya moyo, kanyamaza kimya muda mrefu halafu akasema kichupa kiondoe machoni mwangu.

FundiMashine

Nachangia kwa ufupi kwa upande wangu wa mitambo. Kuna jambo la maji watu hawalijui na linahusiana na hii mada. Kwenye sesheni moja maji ya kusafishia yanapita mililita 500 kila dakika, kwa masaa manne ni lita 120, yanapishana na damu ya mgonjwa kwa utando mwembamba tu katikati. Maji ya bomba yamewekwa klorini. Ile klorini, na hasa kloramini, ikifika kwenye damu inaunguza chembe nyekundu moja kwa moja, zinapasuka, mgonjwa anapungukiwa damu. Huo nao ni uharibifu huo huo wa oksidi mnaouzungumza. Ndo maana kabla ya mashine kuna matangi ya mkaa maalumu wa kunyonya klorini na ndo maana maji yanapimwa kila siku kabla ya zamu kuanza. Ndugu wa mgonjwa mna haki ya kuuliza kwa adabu kama maji yamepimwa leo, fundi anayejali kazi yake atakuonyesha daftari na hatakasirika. Mimi nikiulizwa nafurahi.

MamaAchari_Ngamiani

Nimesoma nikalia kidogo. Si kwa ubaya, nimemkumbuka mama, miezi ya mwisho alikuwa analalamika maungio yanamuuma, magoti na vidole, tukawa tunamkanda kwa mafuta ya karafuu. Sijui kama ilikuwa hiyo na hatutajua, Mungu ndiye ajuaye. Asante kwa kunielewesha bila kunitukana.

Sasa naomba kuuliza, mi natengeneza achari nauza, ya embe, ya ndimu na ya birimbi. Nina wateja wazee wazee wengi na kuna mmoja najua anakwenda mashine, anapenda sana ya birimbi kwa sababu anasema inampa hamu ya kula wali. Je ina madhara? Maana hiyo ni chakula si kidonge.

NesiWaZamu

MamaAchari umefanya vizuri mno kuuliza, na jibu langu ni usimuuzie ya birimbi. Ule ukali wa birimbi unatokana na asidi ya oksaliki, ndo hiyo hiyo oksaleti tunayoisema, na hapa haipiti hata kwenye vitamini, inaingia moja kwa moja. Kule Kerala, India, wanalo tunda hili hili, waliwahi kuandikwa watu 10 waliokunywa juisi yake mbichi iliyokolea, wakidhani inashusha lehemu, wote figo zikagoma na 7 kati yao wakaingizwa kwenye mashine. Hiyo taarifa ilichapishwa 2013. Wale walikuwa na figo zao! Kipande kimoja kwenye mchuzi wa samaki kwa mtu mzima wa afya siyo shida, tumekulia hivyo Pangani, lakini mtu wa mashine aache kabisa. Na ndugu yake birimbi, lile tunda la manjano ambalo ukilikata linatoa nyota, hilo ni hatari zaidi, lina sumu ya ubongo ambayo figo nzima ndo huitoa. Mgonjwa wa figo akila anaanza kwikwi zisizokatika, anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege na kufa. Mkiona kwikwi za namna hiyo baada ya kula tunda hilo msisubiri siku ya mashine, mpelekeni muda huo huo.

Achari za embe na ndimu nazo zina chumvi nyingi, kwake kijiko kidogo cha chai kinatosha kumharibia uzito. Ukiweza mtengenezee ya pilipili hoho na kitunguu na siki bila chumvi. Hoho mbichi ina vitamini C nyingi, miligramu 80 kwa gramu 100, na potasiamu yake ya wastani. Hiyo itampa hamu ya kula na itamsaidia.

Mzee_wa_Pongwe

Hiyo ya hoho na siki MamaAchari nihesabu mimi mteja wa kwanza, nitamtuma kijana na baiskeli aje mpaka Ngamiani.

Na watu wa Tanga tuongezee ubuyu na ukwaju na madafu kwenye hiyo orodha ya kuogopa. Watu wakija kukuona wanakuletea juisi ya ubuyu wanasema ina vitamini C kuliko chungwa, kweli inayo, ila potasiamu yake inatisha. Dafu nalo, kikombe kimoja tu ni kama umekunywa miligramu 600 za potasiamu. Nilikuwa naona aibu kukataa mbele ya wageni, sasa hivi nasema wazi, ndugu yangu hiki kitaniua, nipe nanasi.

MfamasiaKijana

Kwa faida ya wengine watakaosoma, kama mgonjwa wako ana sukari pia, vitamini C kwa dozi kubwa, hasa ile ya kuchomwa mshipani, inaweza kuidanganya glukometa ikaonyesha sukari iko juu wakati haiko juu. Mtu akaongezewa insulini kwa kipimo cha uongo. Kwaiyo mwambie daktari kila unachokunywa hata kama unaona ni vitamini tu.

Na usimnunulie multivitamini ya kawaida ya duka kwa kufikiri ndo salama. Nyingi zina vitamini A, hiyo mashine haiitoi kabisa, inajikusanya mpaka inakuwa sumu. Za wagonjwa wa figo ni tofauti, zina B za aina zote, foliki asidi, na C kidogo kati ya 60 na 100. Kama hazipo Tanga daktari anaweza kukuandikia foliki, B komplexi na kidonge cha C cha 100 kando kando, au kile cha 50 viwili.

Kuna wakati daktari wa figo mwenyewe anaamua kutoa vitamini C ya mshipani, kiasi kidogo, kwa mgonjwa ambaye ana chuma cha kutosha kwenye ghala la mwili lakini hakitoki kwenda kutengeneza damu na sindano za kuongeza damu hazimshiki. Vitamini C inasaidia kukitoa kile chuma. Lakini hapo anapima, anahesabu, anaacha. Siyo ya kujianzishia barazani.

BintiMakorora

Nimerudi na mrejesho maana wengi mmeniuliza inboksi. Ijumaa daktari alikuja. Nikamuonyesha mkono wa baba, nikatoa kichupa. Alikigeuza akasoma, hakunigombeza, akauliza tu vingapi kwa siku na vingapi vimeisha. Akamfungua baba mdomo akaangalia fizi na tochi, akamkagua miguu pia, kumbe hata kwenye ugoko vidoa vipo na hatujawahi kuona kwa sababu baba anavaa msuli mrefu siku zote.

Kasema inawezekana ni kiseyeye kinachoanza na inawezekana ni heparini, hawezi kusema kwa macho, kwaiyo amefanya yote kwa pamoja. Kachukua damu ya kuangalia chembe sahani, kapunguza heparini kuanzia siku ile ile, na kaandika vitamini C miligramu 100 mara moja kwa siku, siku za mashine anywe akishashuka kitandani ili isiishie kwenye kichujio, pamoja na foliki na B. Ya povu kasema hapana kabisa. Nilimuuliza, sasa daktari, baba alipokunywa zile 1000 mbona fizi hazikupona kama ni kiseyeye? Akasema kiseyeye hakiponi kwa siku nane kwa mtu ambaye kila baada ya siku moja au mbili anaingia mashine, na ndo maana hajui bado, tumpe wiki tatu na tumtazame.

Chembe sahani zimerudi jana, ziko sawa, 198. Kwaiyo hilo tumelitoa.

Na nimeuliza maji kama alivyosema FundiMashine. Niliogopa kweli kuuliza lakini yule kaka alinipeleka mpaka chumba cha matangi akanionyesha daftari, kila asubuhi kuna saini.

Jana tulipotoka mashine nilimpitisha baba Mgandini, tukanunua nanasi moja dogo. Nimemkatia kipande unene wa kidole kama alivyosema mzee wa Pongwe, nikampelekea na sahani barazani. Alikila taratibu sana, alikuwa anang'ata kidogo anakaa nacho mdomoni. Akaniambia nimpelekee jirani lile nanasi lililobaki, na nikamweleze mwenyewe kwa upole habari ya vile vidonge, asije akadhani tumevitupa kwa dharau. Naenda sasa hivi baada ya magharibi.